Elimu ya Nafsi na Riziki ya Msomi

Kijana anayekwenda kusomea ujenzi wa barabara haulizwi na mtu kama ni halali kwake kuitafuta ajira ndani ya masomo yake. Barabara haina moyo. Haijali kama aliyeijenga aliipenda yenyewe au aliupenda mshahara wake, almuradi imenyooka na mvua za masika haziifumui. Lakini kijana anayekwenda kusomea saikolojia, elimu ya nafsi ya mwanadamu, mbele yake huzuka swali ambalo halimkabili mwenzake yule. Nafsi si kokoto. Mtu aliyefiwa, mtoto aliyeiona nyumba yao ikichomwa moto, mama asiyepata usingizi wala hajui kwa nini, hao ndio watakaoketi mbele ya msomi huyo. Je, ni haki mtu kuipanga elimu ya namna hiyo, tangu mwaka wa kwanza wa chuo hadi wa tatu, kwa kuyatazama malengo ya kazi? Na je, ni haki kumtaka asiyatazame?

Swali hili laweza kuulizwa Unguja au Dar es Salaam, likajibiwa kwa wepesi na watu walioshiba. Ni afadhali liulizwe Buhigwe. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, nayo iko kwenye nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, imepakana na Burundi. Atokaye Kigoma mjini, kando ya ziwa, hupanda milima hadi kwenye baridi, migomba, mibuni na maharage. Akiendelea hufika Manyovu, ambako barabara huvuka mpaka. Wenyeji wa huko ni Waha, na lugha yao imekaribiana sana na Kirundi, hata watu wa pande mbili za mpaka husikilizana bila ya mkalimani. Ni nchi ya wakulima, na kwa muda mrefu imekuwa pia nchi ya kupokea waliokimbia.

Achukuliwe, kwa mfano tu, msichana wa huko aliyemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa Historia, Jiografia na Kiingereza. Saikolojia hajapata kuisoma, kwani si somo la sekondari katika Tanzania. Jina lake amelikuta katika orodha ya shahada zinazotolewa na vyuo vikuu. Nyumbani kuna wadogo zake wanaongoja zamu yao ya kusomeshwa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikimkopesha, deni atalilipa yeye. Na tangu sheria hiyo iliporekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni limalizike. Kwa mtu kama huyo neno ajira si tamaa. Ni dhamana aliyokwisha kuiweka kabla hajaketi darasani.

Wapo watakaomwambia kuwa elimu hutafutwa kwa ajili ya elimu, na kwamba anayeiomba mkate ameishusha hadhi. Ni maneno mazuri, lakini historia ya nyanda zile inayakataa. Katika enzi ya Mwingereza, Buha ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochotwa nguvukazi kwa ajili ya mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ikawa njia ya kuwateremsha wanaume kwa mikataba hadi Morogoro na Tanga. Pwani waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake kabla ya kujulikana kwa jina lake. Wasomaji wa pwani wanalikumbuka neno hilo, na yamkini wanaikumbuka pia dharau iliyofuatana nalo. Wanaume wale hawakupungukiwa nguvu wala akili. Kodi iliwadai fedha, na fedha zilikuwa kwenye mkonge. Wengine walikwisha kuwapangia. Mjukuu wao anapoketi na kalamu, akajiuliza asomee nini na kwa kazi gani, anatenda jambo ambalo babu yake alinyimwa. Kupanga maisha ni sehemu ya uungwana, asiyepanga hupangiwa.

Baada ya uhuru, upangaji huo ulikuwa mikononi mwa serikali. Mwanafunzi wa chuo kikuu alisomeshwa kwa fedha za umma, naye akatazamwa kuwa mdaiwa wa wakulima waliomlipia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikwenda mbali zaidi, likamtaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie chuoni, ili asije akasahau jasho la waliomtuma. Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake, na haukumwachia kijana uhuru mkubwa wa kuchagua. Lakini ulikuwa na fikra moja isiyostahili kutupwa pamoja nao: kwamba msomi ana deni, na anayemdai ni mtu mwenye sura. Leo deni limebaki, ila mdai amebadilika. Hesabu yake iko kwenye daftari la Bodi, hulipwa kwa makato, na likiisha msomi huambiwa yu huru. Hapo ndipo panapostahili kuulizwa: je, anayesomea nafsi za watu amemaliza kweli kulipa anapomaliza kulipa?

Ugumu wa swali hili unaonekana vizuri katika historia ya karibuni ya Kasulu, Kibondo na Buhigwe. Tangu mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na zaidi baada ya mwaka 1993, watu waliingia mkoani Kigoma kwa mamia ya maelfu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Kambi ya Mtabila, iliyokuwa ya Warundi, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Burundi ilipotibuka tena mwaka 2015, Nduta ya Kibondo na Mtendeli ya Kakonko zilifunguliwa upya; na Mtendeli ikafungwa tena mwaka 2021. Kila kambi ilipofunguka, ilikuja na ajira: washauri nasaha, wasimamizi wa watoto waliopotezana na wazazi, wapokeaji wa wanawake waliofanyiwa ukatili. Kwa kijana wa nyanda za juu aliyetafuta maana ya shahada ya saikolojia, maana ilikuwa pale, umbali wa safari ya basi.

Basi na asemwe wazi jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa kunong'ona. Mkataba wa mshauri wa kambini huhuishwa maadamu kuna wanaolia. Wakipungua, unakatika. Mtu mwenye moyo safi kabisa, akiwekwa katika hali hiyo miaka mitatu, anaweza kujikuta siku moja amesikia habari za vurugu ng'ambo ya mpaka, na kabla ya kuhuzunika amekumbuka mkataba wake. Wanazuoni wa kale wa Kiislamu waliliona jambo hili katika sura nyingine. Walisimulia kuwa palikuwa na watu wema wasiopenda watoto wao wafundishwe biashara ya kuuza sanda, si kwa sababu sanda ni haramu, bali kwa sababu riziki ya muuzaji wake imefungamana na vifo, na moyo hauchelewi kuizoea njia ya riziki yake. Sanda ni ya lazima, na lazima auzwe nayo aliyefiwa. Hofu yao ilikuwa juu ya moyo wa muuzaji.

Je, hofu hiyo inatosha kumkataza msichana wa Buhigwe asiipange shahada yake kwa kuitazama kazi? Jibu lapatikana kwa mmoja wa wanazuoni hao hao. Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058, aliteuliwa mwaka 1091 kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, cheo ambacho wasomi wengi wa zama zake wangekitamani. Mwaka 1095, baada ya miezi ya kusitasita, alikiacha. Katika kitabu alichokiandika juu ya maisha yake, alieleza kwamba aliipima nia yake ya kufundisha akaiona kuwa ilisukumwa na kutafuta jaha na sifa. Ulimi ulimfunga hata akashindwa kusomesha. Chakula kikawa hakipiti. Na matabibu wakakata tamaa, wakisema maradhi yameanzia moyoni ndipo yakaufikia mwili. Msomi wa saikolojia wa leo akiisoma habari hiyo ataitambua mara moja. Alikuwa mgonjwa wa kazi yake mwenyewe.

Hadithi ya Ghazali husimuliwa sana na wale wanaotaka kuwasuta watafutao ajira, lakini aghalabu huachwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba alipogawa mali yake alijibakizia kiasi cha kumtosha na cha kuwakimu watoto wake. Hakuifanya njaa ya wanawe kuwa ushahidi wa usafi wake. La pili ni kwamba mwaka 1106 alirudi kufundisha, safari hii Nishapur. Kazi ilikuwa ile ile, na bila shaka ilikuwa na posho yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, kilichobadilika kilikuwa nia.

Basi ni lazima vitenganishwe vitu viwili ambavyo mazungumzo ya siku hizi huvichanganya: lengo na nia. Lengo ni kitu kilicho mbele ya mtu, awe afisa wa ustawi wa jamii, mwalimu wa chuo cha ualimu, mshauri wa shirika fulani. Nia ni kile kilicho nyuma yake kinachomsukuma. Lengo liko chini ya amri ya soko, bajeti na siasa. Nia iko chini ya amri ya mwenyewe. Wahenga wa pwani walisema nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu, na katika taaluma ya kutibu nafsi methali hiyo si kivuli cha maneno. Ndiyo kanuni yenyewe ya kazi. Mgonjwa wa nafsi hana dawa anayokunywa akaenda zake. Dawa yake kubwa ni kuaminiana na yule anayemsikiliza, na mtu aliyevunjika moyo hutambua upesi kama anasikilizwa au anajazwa kwenye fomu.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kuwa nia njema humwondolea mtu wajibu wa kupanga. Kinyume chake ndicho kweli, na hapa hoja inageuka. Anayetaka cheti tu hahitaji mpango mkubwa. Somo lolote lenye mtihani mwepesi litamfaa. Anayetaka kumhudumia mtu ndiye asiyeweza kubahatisha, kwa kuwa akibahatisha atamdhuru. Ni lazima ajue mapema kwamba shahada ya kwanza ya saikolojia haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa kutibu maradhi ya akili. Kwamba mafunzo ya saikolojia ya tiba hutolewa katika ngazi ya uzamili, kama ilivyo Muhimbili. Kwamba shahada ya ualimu katika saikolojia, inayotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, humlekeza zaidi shuleni na vyuoni kuliko hospitalini. Anayehitimu bila kuyajua hayo, akatundika kibao cha ushauri, ameuza asichokuwa nacho. Na ni lazima asiikimbie takwimu, ingawa wanafunzi wengi wa sanaa huiogopa, kwani bila ya takwimu hataweza kubainisha kama ushauri anaoutoa unaponya au unapendeza tu masikioni. Kupanga masomo kwa kuitazama kazi, ikiwa kazi imefahamika kuwa ni mtu atakayehudumiwa, ni faradhi ya taaluma yenyewe.

Mpango wa namna hiyo hubadilisha swali la mwanzo. Badala ya kuuliza ni cheo gani kina nafasi, kijana huuliza ni nani asiyekuwa na wa kumsikiliza. Buhigwe jibu halihitaji kambi. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe iko Dodoma, mamia ya kilomita kutoka Manyovu. Aliyeelemewa na mawazo hawezi kuifuata kila mwezi. Shuleni, Novemba 2021, serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa ujauzito kurejea darasani. Mlango ulifunguliwa kwa tangazo, lakini msichana anayerudi kuketi kati ya waliomcheka anahitaji zaidi ya tangazo. Kuna mzee aliyezika wanawe, na kuna mkulima aliyeanza kunywa pombe tangu bei ya kahawa iliporomoke. Hao hawamo katika ripoti ya shirika lolote, na hawatahamishwa kambi itakapofungwa.

Yapo yanayoweza kufanywa hata pasipo hospitali. Huko Harare, kuanzia mwaka 2006, daktari wa maradhi ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha wanawake wazee wa mtaa wa Mbare kuwasikiliza majirani zao kwenye mabenchi yaliyowekwa nje ya zahanati. Wazimbabwe wana neno lao la Kishona, kufungisisa, kwa maana ya kufikiri kupita kiasi, na bibi wale walilitumia neno hilo badala ya majina ya vitabuni. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa waliosikilizwa benchini walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Msomi katika mpango ule hakuwa mtu wa kuketi kila benchi. Alikuwa mwalimu wa wanaoketi, na mtambuzi wa wale wanaopaswa kupelekwa mbele zaidi. Hiyo ni kazi, tena kazi inayoweza kupangiwa masomo.

Mfano wa Mbare unagusa jambo lililo karibu na wapenzi wa ushairi, nalo ni lugha. Saikolojia chuoni hufundishwa kwa Kiingereza. Maumivu ya Buhigwe husimuliwa kwa Kiha, na mara nyingine kwa Kiswahili. Aliyejifunza kuyataja maradhi kwa lugha ya mtihani tu hurudi nyumbani akiwa bubu mwenye cheti. Waganga wa siku hizi wamelichukua neno sonona kuwa jina la ugonjwa wa huzuni iliyokita, na neno hilo halikubuniwa kamatini. Lilikuwapo katika vinywa na katika mashairi. Kiswahili kina jitimai na kina kihoro, kina simanzi na kina majonzi, na mshairi mzuri hathubutu kuliweka moja mahali pa jingine. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoutunga Al-Inkishafi, aliuita moyo wake mwenyewe akauhoji. Hiyo pia ni njia ya kuisoma nafsi, kongwe kuliko maabara aliyoifungua Wilhelm Wundt mjini Leipzig mwaka 1879. Msichana wa Buhigwe ana utajiri ambao mwenzake wa mjini hana: lugha ya nyumbani kwake humfikisha kwa jirani na kwa mkimbizi wa Kirundi kwa pumzi moja. Katika orodha ya shahada hakuna somo linaloitwa hivyo, wala hakuna alama yake. Lakini katika mpango wa anayekusudia kuhudumu, huo ni mtaji wa kwanza.

Utabaki ubishi mmoja ambao hauna budi kuheshimiwa. Atasema mtu: haya yote ni kumtwisha mtoto wa maskini mzigo wa utakatifu. Mtoto wa tajiri akisomea biashara ili atajirike hakuna anayempima nia; kwa nini apimwe huyu ambaye baba yake anamngoja alete ada ya wadogo zake? Ubishi huu ni wa haki, na nusu yake ni ya kukubaliwa. Nchi inayomkopesha kijana asomee elimu ya nafsi, kisha ikaiacha shule bila ya mshauri na zahanati bila ya msikilizaji, haina uso wa kumlaumu akikimbilia palipo na mshahara. Wajibu wa kuweka kazi mahali penye maumivu ni wa umma kwanza. Mwaka 2025 Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, ilionekana tena jinsi ilivyo hatari kuzitundika huduma za watu, na ajira za wahudumu wao, kwenye msumari uliopigiliwa ng'ambo. Kijana hawezi kulitatua hilo kwa nia yake peke yake.

Lakini nusu ya pili ya ubishi haikubaliki, kwa kuwa inamfanya maskini asiwe na dhamiri ila tumbo tu. Manamba walinyimwa nafasi ya kuchagua. Haikusemwa kamwe kuwa hawakuwa na moyo. Kumwambia msichana kuwa nia yake haina maana maadamu ana shida, ni kumrudisha kwenye namba. Yeye anaweza kuutafuta mshahara na bado akajua anautafuta kwa nani na kwa ajili ya nani. Mambo hayo mawili hayagombani. Hugombana pale tu ambapo la kwanza limeruhusiwa kulimeza la pili.

Akiipanga shahada yake kwa namna hiyo, huenda asiajiriwe alikotazamia. Huenda akawa mwalimu wa sekondari Muhinda au Munanila, akafundisha Historia, na saikolojia yake ikaonekana tu katika namna anavyomwita pembeni mwanafunzi aliyeacha kula. Bodi itamkata asilimia zake kwa miaka, na mwisho itamwandikia kuwa deni limekwisha. Siku hiyo, jioni, atakuja mama asiyelala usiku, ambaye ameelekezwa na majirani kuwa pale pana mtu wa kusikiliza. Atasema kwa Kiha, polepole, na hatakatizwa.